Mti wa mpaka, mti wa msamaha

Mazungumzo mbele ya familia zilizohama makwao, viongozi wa mila na wajumbe wa kamati za amani



Mlipotualika mlituomba tuzungumze juu ya mashamba. Tulikuja na karatasi za sheria mkononi. Lakini kabla hatujaingia, mama mmoja alitusimamisha mlangoni akatuuliza: "Siku nikirudi, nitajuaje shamba langu linaishia wapi? Nyumba imechomwa, jirani yangu hayupo, na baba mkwe aliyejua kila kitu tumemzika hapa kambini." Basi karatasi tutazifikia baadaye. Tutaanza na mti.

Mti wenyewe mnaujua wote. Una shina jembamba lililonyooka, na majani marefu kama upanga, mazito, yanayong'aa kama ngozi iliyopakwa mafuta. Ukichanua, maua yake meupe hunukia usiku hata mpita njia anageuza kichwa. Wataalamu wa mimea wanauita Dracaena, neno la Kigiriki lenye maana ya joka jike. Kiswahili hakina jina moja ambalo sisi sote tunalitumia, lakini kila lugha ya milimani ina jina lake, na tunaomba kila mmoja wenu aliseme sasa hivi moyoni kwa lugha ya mama yake. Aina zake ni zaidi ya 100, nyingi zikiwa za Afrika. Huku mashariki mwa Kongo zinaota porini, kwenye misitu ya mlima, na pia zinaonekana kwenye nyua na mipaka ya mashamba. Ndugu zetu waliopelekwa Kanada na Marekani wametuambia kwamba wameuona ndani ya vyungu kwenye ofisi za watu, umewekwa kuwa pambo tu, na hakuna anayejua kwamba kwetu mti huu una kazi.

Kwa nini wazee waliuchagua mti huu kwa mpaka? Tuliwauliza wakulima wengi, na majibu yao yanafanana. Kwanza, hauhitaji mbegu. Ukikata kipande cha shina ukakichomeka ardhini wakati wa mvua, kinaota. Pili, mbuzi hapendi majani yake. Tatu, na hili ndilo kubwa katika nchi ya vita, hauna faida kwa mpita njia. Mti wake ni laini na una maji mengi, haufai kuni nzuri, haufai makaa, haufai mbao. Fikirini juu ya kilima kilichoachwa miaka minane. Kwanza hukatwa mikaratusi, kisha grevilea, kisha miparachichi, kisha milango na mabati huondoka. Jiwe la mpaka hubebwa likawe figa. Huyu mnyonge asiye na bei hubaki amesimama, na hata akikatwa, kisiki chake huchipua tena. Watu wamekimbia, serikali zimebadilika, vikundi vya silaha vimepita, na yeye yupo palepale alipopandwa na babu.

Sasa tusafiri kidogo, maana sisi si wa kwanza kuupa mti huu kazi.

Kule Tanzania, kwenye mlima Kilimanjaro, Wachaga wanauita isale, na ukiwa mingi ni masale. Wameupanda kuzunguka kihamba, yaani shamba la migomba ambalo ukoo unarithishana. Zamani fuvu la mzee wa ukoo liliwekwa ndani ya kihamba na masale yakapandwa mahali hapo. Kwa hiyo aliyeng'oa isale hakuwa ameiba ardhi tu, alikuwa amewagusa wafu. Lakini Wachaga wana kazi nyingine ya jani hilohilo. Mtu aliyemkosea mwenzake akitaka kuomba msamaha, hupeleka jani la isale, mara nyingi limefungwa fundo. Kulikataa jani hilo ni jambo zito sana. Mkosaji asiye na ulimi mzuri, au mwenye aibu, hupata la kushika mkononi.

Baganda wa Uganda na Bahaya wa Kagera wanaupanda mpakani na kuuita mulamula au omulamula. Jina hilo linakaribiana na neno lao kulamula, yaani kuhukumu au kusuluhisha. Wanaojua Kiswahili vizuri watasikia ndugu wa neno hilo katika kuamua. Maana kuamua kwetu si kukata shauri peke yake. Watu wawili wakipigana, anayeingia katikati kuwatenganisha tunasema amewaamua. Mti uliosimama kati ya mashamba mawili unafanya kazi hiyo mchana na usiku, bila posho.

Huko Kameruni, kwenye nyanda za juu za Bamenda, wanauita nkeng, mti wa amani. Anayekwenda kupatanisha hubeba jani lake. Mwaka 2017, maandamano yalipofanyika katika maeneo ya nchi hiyo yanayotumia Kiingereza, watu walitoka wameshika matawi na majani ya amani ili ionekane kwamba hawana silaha. Hata hivyo walipigwa risasi, watu wakafa, na vita vikaendelea miaka mingi baada ya hapo. Tunawaambia hili ili mtu asije akafikiri tumeleta uchawi. Jani linasema kitu kwa yule tu anayekubali kulisoma.

Na mbali zaidi, kwenye kisiwa cha Socotra nchini Yemen, kuna ndugu wa mti huu mwenye umbo la mwavuli. Ukimchanja anatoa utomvu mwekundu kama damu. Waarabu wanauita utomvu huo damu ya ndugu wawili, na wazee wa huko husimulia kwamba ndugu wawili walipigana hadi kumwagana damu, na pale ilipoanguka mti ukaota. Hatuna haja ya kuwaeleza watu wa Kivu na Ituri hadithi hiyo inahusu nini.

Turudi kwetu, na kwa kosa letu sisi wenyewe.

Miaka iliyopita, katika kijiji ambacho hatutakitaja, tulisaidia familia mbili zilizorudi kutoka kambini. Ugomvi wao ulikuwa mpaka. Tulikuwa na haraka, kwa sababu gari lilitakiwa kurudi mjini kabla ya saa kumi. Tukapima kwa kamba, tukachomeka vijiti kumi na viwili vya mti huu, watu wakapeana mikono, tukapiga picha, tukaandika ripoti kwamba mgogoro umekwisha. Msimu uliofuata tukaitwa. Vijiti vilikuwa vimeota vizuri kabisa, lakini hatua sita ndani ya shamba la mjane.

Nani alivihamisha? Kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole. Ndipo tulipogundua kwamba hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika mahali tulipovipanda. Mashahidi tulikuwa sisi wageni, na picha yetu ilionyesha watu wanaocheka, haikuonyesha mpaka. Tena mjane mwenyewe hakuwapo siku ile. Shemeji yake alizungumza kwa niaba yake, nasi tuliona inatosha.

Ilitubidi kurudi na kukaa siku tatu. Safari hii tuliwaita wachunga mbuzi wa zamani, na akina mama waliokuwa wakichota maji kwa njia inayokata pale. Bibi mmoja aliyezaliwa kwenye shamba la jirani alisema kwamba mama yake alikuwa akimkataza kucheza ng'ambo ya mti fulani. Akatupeleka. Chini ya nyasi ndefu tukakuta kisiki kinene cha mti wa mpaka kikiwa na machipukizi manne. Mzozo haukuisha kwa shangwe. Mjane hakupata hatua zote sita, kwa sababu upande wa juu hapakuwa na alama wala mtu wa kukumbuka. Alipata sehemu kubwa, akakubali, na safari hii alikubali kwa mdomo wake.

Mambo mawili tulijifunza pale. Mti unaoota kwa kijiti huwafaa wakweli na waongo sawasawa. Mti mnene kama paja hauhamishwi kwa usiku mmoja, lakini kijiti huhamishwa. Na mtu asifikiri kwamba atakata shina ahesabu miaka, kama wanavyofanya wataalamu kwa miti mingine. Mti huu hauna miviringo ya mwaka ndani yake. Haubebi tarehe. Tarehe iko katika kichwa cha mzee aliyeona ukipandwa, na mzee huyo leo yuko chini ya turubai, anakohoa.

Ndiyo sababu tunasema kazi ya mipaka isingoje siku ya kurudi. Ianze hapa hapa mlipo.

Vita vimewatawanya, lakini mara nyingi watu wa kilima kimoja hukimbia njia moja na kuishia sehemu moja, kambini au katika familia zilizowapokea. Kaeni pamoja kwa vilima vyenu. Chukueni majivu na kokoto, mchore kilima ardhini: mto uko hapa, njia ya soko hapa, kanisa hapa. Watoto watazame, na msiwafukuze. Kisha kila familia iweke shamba lake na iseme majirani wake wa pande nne kwa majina. Semeni alama iliyoko kila kona, kama ni mti wa mpaka, jiwe, mfereji au kichuguu. Semeni nani aliupanda, na nani alikuwapo. Mkibishana, bishaneni sasa, wakati hakuna mwenye jembe mkononi. Tumeona watu wawili wakibishana saa nzima juu ya alama ya jivu, kisha wakacheka, kwa kuwa wote wawili walikuwa wamemsahau jirani wa tatu aliyekuwa katikati yao.

Mkishakubaliana, nakilini kwenye karatasi. Majirani wote watie sahihi au kidole gumba, wake kwa waume. Nakala moja ikae na familia, moja kwa mkuu wa kijiji, na moja mahali pa tatu panapoaminiwa na pande zote. Mwenye simu apige picha amtumie ndugu aliye mbali, kwa sababu karatasi za kambini huishi maisha mafupi. Mwaka 2025, kambi zilizozunguka Goma zilivunjwa kwa muda wa siku chache, na watu wakaondoka na walichoweza kubeba kichwani.

Hapa tunaomba uangalifu mkubwa. Orodha ya watu na ardhi zao ni kitu cha hatari ikiangukia mikono mibaya. Msiandike kabila la mtu. Msiandike nani alishika bunduki, wala nani alikimbilia upande gani. Andikeni mpaka tu. Na pale mahali penu pakiwa na watu mnaowaogopa, acheni karatasi kabisa, fundisheni watoto kwa mdomo hadi wakati mwingine.

Kuna wale ambao hata mti huu hautawasaidia. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava iliingia katikati ya mji wa Goma. Ulipolipuka tena tarehe 22 Mei 2021, ilifunika nyumba na mashamba upande wa Buhene, kaskazini mwa mji. Juu ya jiwe lile jeusi hapakubaki kisiki wala kichuguu. Kwa watu hao, kumbukumbu za majirani ndizo mpaka wenyewe.

Na yule tutakayemkuta ndani ya shamba? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, nasi tutalijibu kwa sauti ya kawaida. Wengine ni wanyang'anyi, tena wenye nguvu nyuma yao. Lakini wengi ni watu waliofukuzwa kwenye kilima chao kama ninyi mlivyofukuzwa chenu, wakaonyeshwa shamba tupu na kiongozi fulani aliyepokea mbuzi au pesa. Wameoa na kuzaa humo, wamezika humo. Ukimwambia mtu wa namna hiyo "toka kesho", umefungua vita. Tumeona mapatano yaliyosimama pale ambapo mwenye shamba alimruhusu mkaaji avune mihogo yake kwanza, na mkuu wa kijiji aliyepokea malipo akalazimishwa na wenzake kutafuta sehemu nyingine ya kumpeleka. Viongozi wetu mliopo, tunawaheshimu, na kwa heshima hiyo tunasema wazi: mashamba mengi yanayogombaniwa yaligawiwa mara mbili na mkono uleule.

Sasa zile karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema ardhi yote ni ya Serikali. Kuhusu ardhi zinazokaliwa kwa mila, kifungu cha 389 kiliahidi kwamba haki zake zingepangwa na agizo la Rais. Miongo ilipita watu wakingoja agizo hilo. Ndani ya pengo hilo ndimo wajanja walipopita na hati za mjini kwenda kuchukua vilima vya watu wasiojua kwamba kuna hati. Hata hivyo msikate tamaa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Na nchi za Maziwa Makuu, Kongo ikiwamo, zilitia sahihi huko Nairobi mwezi Desemba 2006 mkataba wenye itifaki inayohusu haki za mali za watu wanaorudi makwao. Kwa hiyo ukisimama mbele ya hakimu na mashahidi wako na mti wako wa mpaka, hujaja na hadithi za bibi. Umekuja na mila ambayo Katiba inaitambua.

Kwa akina mama tuna neno zaidi. Mara nyingi mjane akirudi huambiwa kwamba shamba ni la ukoo wa mume, na wakati mwingine vijiti vya mpaka hupandwa upya akiwa msibani. Sheria ya familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, haimtengi mtoto wa kike katika urithi wa baba yake, na inamhesabu mwenzi aliyebaki kuwa mrithi pamoja na watoto. Mila ikisema tofauti, basi hapo mila ndiyo inayopaswa kusogea. Kama unapanda mti wa mpaka bila mjane na binti kuwapo, umepanda kesi ya mahakamani.

Jambo la mwisho ni gumu, na hapa tunatofautiana na baadhi ya wazee tunaowapenda. Tumeombwa mara kadhaa kuleta desturi ya jani la msamaha ili litumike kwa makosa yote ya vita. Kwa mipaka, kwa mifugo iliyopotea, kwa matusi, kwa moto uliowashwa na vijana walevi, tunakubali, na tumeona mioyo ikilegea. Kwa mauaji na ubakaji, hapana. Ubakaji haumalizwi kwa mbuzi wala kwa jani. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinauelekeza mahakamani. Hatutaki kumwona msichana amewekwa mbele ya baraza, amezungukwa na wajomba, akinyooshewa jani ambalo hawezi kulikataa. Uzito ule ule unaolifanya jani kuwa zuri kati ya majirani wawili walio sawa unalifanya kuwa kamba shingoni mwa aliye mnyonge. Mtu akitaka kutubu mbele ya Mungu na watu, atubu. Aliyeumizwa asilazimishwe kupokea.

Tumesema mengi na jua limepanda. Yule mama aliyetuuliza swali mlangoni ameleta vipande vitatu vya mti huu kutoka bondeni, na mzee aliyekaa karibu naye anasema kwamba amevikata vifupi mno. Tutoke nje sote. Majivu yako pale jikoni kwa mama wa kamati. Watu wa kilima chake wakae upande wa kulia, naye aanze kwa kutuonyesha mto ulikopita.